Mwigizaji asiye na chama: Haki zake kutoka Sangailu hadi Hollywood

Kule Hollywood, mwigizaji anayefanya kazi nje ya chama huhesabiwa kuwa mtu wa pembeni. Ama ndiyo kwanza anaanza safari yake ya sanaa, ama ameamua kwa hiari yake kubaki nje. Nchini Kenya mambo ni kinyume. Hapa mwigizaji asiye na chama ndiye wa kawaida, na mwenye kadi ya chama ndiye wa kutafutwa kwa tochi. Hali hiyo hujidhihirisha zaidi kadiri mtu anavyouacha mji wa Nairobi na kuelekea Kaskazini Mashariki.

Sangailu ni mojawapo ya wadi za eneobunge la Ijara katika Kaunti ya Garissa, pamoja na Hulugho, Ijara na Masalani. Ni nchi ya wafugaji, wengi wao wakiwa Wasomali, iliyo karibu na msitu wa Boni, na barabara zake huwa taabu kupitika mvua inaponyesha. Si mahali panapotajwa mara nyingi sanaa ya uigizaji inapozungumzwa. Hata hivyo, jamii ya Wasomali imesifika kwa karne nyingi kwa ushairi wa kusema mbele ya watu, na wanafunzi wa kaunti hiyo, kama wenzao kote nchini, hupitia mashindano ya drama ya shule ambayo huanza mashinani na kuishia katika tamasha ya kitaifa. Vipaji, kwa hiyo, si haba.

Kazi ya uigizaji humfikia kijana wa sehemu kama hiyo kwa njia nne hivi. Shirika la afya au la misaada linaweza kutaka mchezo wa kuelimisha umma. Kituo cha redio kinachotangaza kwa Kisomali kinaweza kuhitaji sauti za mchezo wa kuigiza. Kampuni ya matangazo ya biashara inaweza kutafuta sura. Nayo kampuni ya filamu, ya humu nchini au ya kigeni, inaweza kuhitaji watu wanaozungumza Kisomali na wanaofanana na wakazi wa nchi kavu. Katika njia zote nne, msanii huyo hukutana na mwajiri akiwa peke yake.

Swali basi ni hili: mtu asiye na chama cha kumtetea analindwa na nini? Jibu kwa ufupi ni kwamba analindwa na sheria kwa kiasi kidogo, na kwa kiasi kikubwa zaidi na kile alichokiandikisha kabla ya kamera kuwashwa.

Kazi ya chama ni nini

Ili kuelewa anachokikosa msanii wa Sangailu, inafaa kutazama chama hufanya nini mahali kilikokomaa. Nchini Marekani, waigizaji wa filamu waliunda chama chao cha Screen Actors Guild mwaka wa 1933, wakati makampuni makubwa yalikuwa yakiwafanyisha kazi kwa saa nyingi bila mapumziko ya maana. Mwaka wa 2012 chama hicho kiliungana na kile cha wasanii wa redio na televisheni, na kikawa SAG-AFTRA. Nchini Uingereza, chama cha Equity kilianzishwa mwaka wa 1930.

Vyama hivyo hukubaliana na waajiri juu ya kiwango cha chini cha malipo, saa za kazi, mapumziko, chakula, usafiri, bima, na malipo ya ziada filamu inapoonyeshwa tena baadaye. Makubaliano hayo hufanywa mapema, kwa niaba ya wote, kati ya chama na umoja wa watayarishaji. Mwigizaji anapoitwa kazini hukuta mengi yamekwisha kuamuliwa, na kazi yake ni kuomba nyongeza juu ya kiwango hicho, wala si kuanza na sifuri.

Chama nacho hudai utiifu. Mwanachama wa SAG-AFTRA haruhusiwi kufanya kazi katika filamu ambayo haikutia saini mkataba wa chama. Kwa upande mwingine, sheria ya kazi ya mwaka wa 1947 inayojulikana kama Taft-Hartley humruhusu asiyekuwa mwanachama kuajiriwa katika filamu ya chama kwa siku 30 kabla ya kutakiwa kujiunga. Mlango huo ndio unaotumiwa na wageni wengi kuingia. Uingereza nayo iliwahi kuwa na utaratibu wa kazi nyingi za jukwaani kutengewa wenye kadi ya Equity, hadi sheria za ajira zilizopitishwa kufikia mwaka wa 1990 zilipouondoa.

Hapa Kenya hakuna kadi ya aina hiyo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 36, inampa kila mtu haki ya kujiunga na chama, na papo hapo inakataza mtu kulazimishwa kujiunga. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa usawa kazini, kulipwa ujira wa haki na kushiriki katika chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo, yeyote anayemwambia kijana kwamba hawezi kuigiza bila kadi fulani, kisha akamtaka alipe fedha ili aipate, anamhadaa.

Mbona chama hakijafika

Si kwamba waigizaji wa Kenya hawajajaribu kuungana. Kipo Kenya Actors Guild, chama kinachowashughulikia waigizaji. Tatizo lililopo ni la kimsingi zaidi, nalo linatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyo.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri akitambue chama cha wafanyakazi pale tu chama hicho kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kujiunga. Utaratibu huo unafaa kiwanda au shamba la majani chai, ambako watu wale wale hurudi kazini kila siku kwa miaka. Filamu haiendi hivyo. Kampuni huundwa, huajiri watu 40 au 60 kwa wiki tatu, kisha huvunjika. Kabla chama hakijaandikisha nusu ya watu hao, kila mmoja amekwisha kurudi kwao.

Isitoshe, waigizaji wengi hawaajiriwi kama wafanyakazi. Huitwa wakandarasi wa kujitegemea, yaani watu wanaouza huduma kwa muda. Sheria za vyama vya wafanyakazi zimewatungiwa walioajiriwa, na mkandarasi hubaki nje ya uzio. Marekani ililitatua jambo hili kwa chama kukubaliana na umoja mzima wa watayarishaji kabla ya filamu yoyote kuanza. Sheria ya Kenya haizuii njia hiyo, kwani inaruhusu pia kundi la waajiri au shirika la waajiri kutambua chama. Lakini mpaka siku hiyo ifike, msanii wa Ijara hawezi kuingoja.

Funzo kutoka Minneapolis

Kisa kinachotajwa sana kuhusu Wasomali na filamu za nje ni kile cha Barkhad Abdi. Alizaliwa Mogadishu mwaka wa 1985, akapitia Yemen kama mkimbizi, na hatimaye familia yake ikahamia Minneapolis, Marekani, mji wenye Wasomali wengi. Mwaka wa 2011 watayarishaji wa filamu ya Captain Phillips walifanya majaribio ya wazi katika mtaa wa Cedar-Riverside mjini humo. Watu zaidi ya 700 walijitokeza. Vijana wanne walichaguliwa, akiwemo Abdi, ambaye hakuwa amewahi kuigiza katika filamu.

Filamu hiyo ilitoka mwaka wa 2013 na kuingiza zaidi ya dola 200 milioni kote duniani. Mwezi wa Februari 2014 Abdi alishinda tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi, na alikuwa pia miongoni mwa walioteuliwa kuwania Oscar. Hata hivyo, jarida la The New Yorker liliripoti mwaka huo kwamba malipo yake kwa filamu hiyo yalikuwa dola 65,000, kwamba baada ya kupiga filamu alirudi kufanya kazi katika duka la simu la ndugu yake, na kwamba wakati wa hekaheka za tuzo alikuwa akitegemea posho.

Wengi waliisoma habari hiyo kama dhuluma tupu. Ikipimwa vyema, ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jina na malipo ni vitu viwili tofauti. Uso unaweza kujulikana duniani kote huku mfuko ukiwa mtupu. La pili ni kwamba malipo hupangwa wakati mwigizaji hajulikani, na mapato ya filamu hufika baadaye. Anayetaka sehemu ya mapato hayo lazima awe aliitaja tangu mwanzo, yeye mwenyewe au chama kwa niaba yake.

Filamu nyingine zimezidi kuwatafuta Wasomali wasiokuwa waigizaji wa kazi. Fishing Without Nets, iliyoshinda tuzo ya uongozaji katika tamasha ya Sundance mwaka wa 2014, ilipigwa hapa Kenya ikiwatumia Wasomali wa kawaida. The Gravedigger's Wife, iliyopigwa Djibouti, ilitwaa tuzo kuu ya FESPACO mjini Ouagadougou mwaka wa 2021. Kinyume chake, Eye in the Sky ya mwaka wa 2015, ambayo hadithi yake inatokea Nairobi na ambamo Abdi aliigiza tena, ilipigwa Afrika Kusini. Hivyo basi, mwito wa majaribio unaweza kumfikia kijana wa Garissa wakati wowote, lakini pia unaweza kumtaka asafiri mbali na kwao, na mbali na sheria anazozijua.

Sheria inampa nini

Msanii asiye na chama hayuko mikono mitupu. Jambo la kwanza ni kujua ameajiriwa au amepewa kandarasi, kwani haki hutofautiana.

Akiwa ameajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamlinda. Sheria hiyo inataka mkataba wowote wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Iwapo mzozo utafika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba huo, ni juu yake kukanusha masharti anayoyadai mfanyakazi. Kibarua, yaani mtu anayechukuliwa kwa siku moja moja, anapaswa kulipwa mwisho wa siku. Kanuni hii ina maana kubwa kwa wale wanaoitwa kujaza umati katika picha, kwani wao ndio huambiwa mara nyingi wangoje malipo kutoka Nairobi.

Aliyeajiriwa pia analindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007, ambayo humlazimu mwajiri kuwa na bima. Mwigizaji huanguka kutoka kwenye farasi, huungua, na hugongwa na magari ya kuigizia. Mkandarasi wa kujitegemea hana kinga hiyo, na kwa sababu hiyo anapaswa kuuliza mapema: nikiumia, nani atalipa hospitali, na atanifikishaje huko? Mtu anayepiga filamu nyikani, saa kadhaa kutoka hospitali kubwa, hawezi kulichukulia swali hilo kuwa dogo.

Watoto nao wana kinga yao. Sheria ya Ajira inakataza mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa, na aliye kati ya miaka 13 na 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Mzazi anayeombwa mwanawe kwa filamu ana haki ya kuuliza atafanya nini, kwa saa ngapi, na nani atakuwa naye.

Kwa mkimbizi aliye Dadaab, hali ina tata zaidi. Shirika la FilmAid limefundisha vijana wa kambi za Dadaab na Kakuma utengenezaji wa filamu kwa miaka mingi, na katika kambi hizo mkimbizi anayefanya kazi na mashirika hupewa kwa kawaida kifuta jasho badala ya mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 ilifungua mlango wa mkimbizi kufanya kazi ya kujipatia riziki, lakini vibali bado ni lazima. Anayemchukua mkimbizi kuigiza nje ya kambi anapaswa kuhakikisha vibali hivyo vimepatikana, vya kazi na vya kusafiri.

Sura na sauti ni mali

Sehemu ambayo wengi hupoteza ni ile ya haki za mchezo wenyewe. Mkataba wa Roma wa mwaka wa 1961, uliokuwa wa kwanza wa kimataifa kuwalinda waigizaji, uliacha pengo kubwa: mwigizaji akishakubali kurekodiwa katika filamu, kinga alizopewa na mkataba huo hukoma kuhusu rekodi hiyo. Ndiyo sababu mwanamuziki huweza kuendelea kupata mirabaha wimbo wake unapochezwa, ilhali mwigizaji hutazama kipindi chake kikirudiwa bila kupata senti.

Pengo hilo lilishughulikiwa na Mkataba wa Beijing wa mwaka wa 2012, ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020. Mkataba huo unatambua haki ya mwigizaji kutajwa jina lake na kupinga mchezo wake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Unaweka pia muda wa kinga usiopungua miaka 50. Hata hivyo, bado unaziruhusu nchi kuamua kwamba haki za kiuchumi humwendea mtayarishaji mwigizaji akishakubali kurekodiwa, isipokuwa mkataba wao useme vingine. Kwa maneno mengine, yote hurudi palepale kwenye karatasi.

Hapa Kenya, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo hutoa leseni kwa vyama vya kukusanya mirabaha. Leseni hizo ni za muda na hubadilika mikono, kwa hivyo msanii anapaswa kuiuliza bodi yenyewe ni chama kipi kilicho na leseni ya waigizaji mwaka huo kabla ya kujiandikisha popote. Ifahamike pia kwamba chama cha mirabaha si chama cha wafanyakazi. Hukusanya fedha za matumizi ya kazi iliyokwisha kurekodiwa. Hakimtetei mtu aliyenyimwa ujira wa siku.

Ipo pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, ambayo huihesabu picha ya mtu kuwa habari yake binafsi. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa burudani Sh1.85 milioni kwa kutumia picha ya mteja bila ruhusa yake. Sheria hiyo inaweza kumsaidia anayekuta uso wake kwenye tangazo ambalo hakulikubali.

Jambo jipya zaidi ni kompyuta zenye uwezo wa kuiga sura na sauti ya mtu. Waigizaji wa SAG-AFTRA waligoma kwa siku 118 mwaka wa 2023, kuanzia Julai hadi Novemba, na suala hilo lilikuwa miongoni mwa madai yao makuu. Walihofia kwamba mtu angepigwa picha siku moja, alipwe ujira wa siku moja, kisha sura yake itumike milele. Wao walikuwa na chama cha kugoma nacho. Asiye na chama kinga yake ni sentensi moja katika mkataba: kwamba sauti na sura yake hazitaigwa wala kutumiwa katika kazi nyingine bila idhini mpya na malipo mapya.

Mambo ya kuandikwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa mwigizaji hauhitaji kuwa na kurasa 20. Karatasi moja yenye saini za pande mbili na shahidi inatosha, mradi iwe na mambo yafuatayo:

Majina kamili ya kampuni, nambari yake ya usajili, na mtu anayetia saini kwa niaba yake.

Nafasi atakayoiigiza msanii, mahali, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na saa za kazi kwa siku.

Kiasi cha malipo, siku ya kulipwa na njia ya kulipwa. Inafaa sehemu ilipwe kabla ya kazi, na itajwe pia malipo ya siku zinazoongezwa na ya siku ambazo msanii amefika lakini kazi ikaahirishwa.

Nauli, chakula, malazi na matibabu, na nani atavigharimia.

Matumizi ya rekodi: ni ya televisheni, sinema, redio, intaneti au vyote, ni ya nchi gani na ya muda gani, na kama kutakuwa na malipo zaidi ikiuzwa upya.

Jina la msanii litakavyoandikwa mwishoni mwa filamu, au kama hataki litajwe.

Matendo ambayo hatayafanya.

Ikiwa mkataba umeandikwa kwa Kiingereza, msanii aombe usomwe kwa Kiswahili au Kisomali kabla ya kutia saini, abaki na nakala, na ahifadhi jumbe zote za simu na rekodi za M-Pesa. Vitu hivyo ni ushahidi. Tena, ajihadhari na wakala anayetoza ada ya kujiandikisha au ya majaribio. Kwa kawaida, anayetafuta waigizaji hulipwa na mtayarishaji, wala si na mwenye kutafuta kazi.

Heshima na usalama

Kwa mkazi wa Sangailu, yapo mambo ambayo mkataba ulioandikwa London au Los Angeles hauyawazii. Nyakati za swala, mavazi, kugusana kwa mwanamume na mwanamke mbele ya kamera, na upigaji wa filamu wakati wa Ramadhani ni mambo ya kuafikiana mapema. Binti aliyeombwa kuvua mtandio katikati ya kazi, watu 50 wakimngoja, hana nafasi sawa na yule ambaye sharti lake limo katika karatasi.

Zito kuliko yote ni suala la usalama. Watu wenye sura na lugha ya Kisomali huitwa mara kwa mara kuigiza maharamia au wanamgambo. Eneo la msitu wa Boni limekuwa uwanja wa operesheni ya kijeshi dhidi ya Al-Shabaab tangu mwaka wa 2015, mwaka ambao pia watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Sanaa yenyewe imewahi kulengwa: mwezi wa Aprili 2012, majuma machache tu baada ya Ukumbi wa Kitaifa wa Mogadishu kufunguliwa upya, mlipuaji wa kujitoa mhanga aliushambulia. Katika mazingira hayo, uso unaoonekana katika filamu ya kuwakejeli au kuwasifu wapiganaji unaweza kumletea mwenyewe hatari kutoka pande zote mbili. Msanii ana haki ya kuisoma hadithi nzima, si sehemu yake pekee, na kuuliza itaonyeshwa wapi.

Aidha, filamu yoyote inahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kampuni ya kigeni hupitia kwa wakala aliyesajiliwa humu nchini. Msanii na aombe kuiona leseni hiyo. Akitakiwa kuvaa sare za vikosi vya usalama au kushika bunduki bandia, aulize kama polisi na chifu wamearifiwa. Kuvaa sare hizo bila idhini ni kosa, na katika eneo la operesheni kosa hilo laweza kugharimu maisha.

Maigizo ya mashirika

Kazi inayowafikia wengi zaidi mashinani, hata hivyo, si ya filamu. Ni michezo ya kuelimisha umma kuhusu chanjo, ukeketaji, ukame au maradhi ya mifugo kama homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka wa 2006 na 2007 iliua watu zaidi ya 150 nchini, Garissa na Ijara zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Ujumbe ukitolewa na mtu anayejulikana kijijini, kwa lugha ya hapo, huaminika kuliko bango.

Katika kazi hiyo neno linalotumika ni posho, na waigizaji huitwa wa kujitolea. Si vibaya kujitolea. Lakini pale ambapo shirika lina bajeti ya magari, mahema na maofisa, kikundi kina haki ya kuuliza bajeti ya mchezo ni kiasi gani. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 huweza kuwa na katiba yake na maofisa wake, na kutia saini mkataba kwa jina la kikundi. Mtu mmoja mmoja akiulizwa bei, kila mmoja hushusha ili asikose. Kikundi kikiulizwa, bei huwa moja.

Mzozo ukizuka

Msanii asipolipwa, hatua ya kwanza ni barua ya kudai yenye tarehe. Wazee wanaweza kusuluhisha, na Katiba katika Kifungu cha 159 inahimiza njia za kijadi za kutatua mizozo. Lakini wazee wa Sangailu hawana nguvu juu ya kampuni iliyoko Nairobi.

Aliyeajiriwa anaweza kupeleka malalamishi kwa afisa wa leba au katika mahakama ya kazi, na asikawie, kwani muda wa kudai haki chini ya Sheria ya Ajira ni miaka mitatu. Mwenye kandarasi ana miaka sita. Dai la huduma lisilozidi Sh1 milioni linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Taratibu zake ni nyepesi, mdai anaweza kujiwakilisha bila wakili, na kesi inakusudiwa kumalizika kwa siku 60. Tatizo ni umbali, na ndiyo sababu kiasi kinacholipwa kabla ya kazi kina thamani kuliko hukumu inayopatikana baadaye.

Yote haya hayaondoi haja ya chama. Mkataba wa mtu mmoja, hata ukiandikwa vizuri vipi, hauwezi kuweka kiwango cha chini cha malipo kwa nchi nzima, wala kumkatalia mtayarishaji anayesema wapo wengine 10 nje ya mlango. Hilo huwezekana watu wakiwa pamoja. Lakini waigizaji wa Hollywood wa mwaka wa 1933 nao walianza wakiwa wachache, kwa kulinganisha mikataba yao na kuambiana wazi nani alilipwa kiasi gani. Vijana wa drama wa Ijara wanaweza kuanza hapo hapo: kila mmoja aandikishe mkataba wake, na wote wakutane wasomeane.